Bulleit ya miaka 10: mahindi, rai na subira ya pipa

Mtu wa Lubumbashi anayeijua lutuku, pombe kali ya kienyeji, hahitaji kuelezwa kwamba mahindi hutoa kileo kikali. Kitakachomshangaza katika burboni, yaani wiski ya mahindi ya Marekani, ni jinsi mahindi yayo hayo yanavyotulizwa na mbao na miaka, na katika jambo hilo Bulleit ya miaka 10 inazishinda nyingi kati ya chupa zinazopangwa kwenye rafu za maduka ya mjini kati.

Sheria ya Marekani inataka burboni itengenezwe nchini humo, iwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51, na ilazwe katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani kwa moto. Mwaka 1964 Bunge la huko liliitambua kuwa kinywaji cha kipekee cha nchi hiyo. Bulleit ina mahindi asilimia 68, rai asilimia 28 na kimea cha shayiri asilimia 4. Rai ni nafaka ya nchi za baridi, jamaa ya ngano, na kiasi hicho ni kikubwa, kwani burboni za kawaida hazizidi asilimia 15 hivi.

Familia husimulia kwamba Augustus Bulleit alikuwa akikeneka wiski yenye rai nyingi huko Louisville, Kentucky, hadi alipofariki mwaka 1860, na kwamba kilembwe wake, wakili Tom Bulleit, aliifufua mwaka 1987. Simulizi hiyo naiheshimu, lakini urithi ninaouamini zaidi ni ule umri ulioandikwa kwenye lebo, kwa sababu kisheria huhesabiwa kwa wiski iliyo changa kuliko zote ndani ya chupa. Na miaka kumi ya Kentucky si midogo: joto la kiangazi huisukuma wiski ndani ya mbao, baridi huirudisha, na kila mzunguko huitoa na rangi na utamu zaidi.

Ukiimimina katika glasi bila barafu, ikae kidogo kwanza. Harufu inayotangulia ni vanila na sukari iliyoungua, kisha matunda yaliyokaushwa. Mdomoni utamu wa mahindi hufika mapema, lakini haudumu peke yake. Rai huingia katikati ya ulimi kwa mdalasini na pilipili manga, ikaukata utamu huo kabla haujachosha. Hapo ndipo ninapoiona kazi ya kweli ya watengenezaji, kwa kuwa pipa la miaka kumi lingeweza kuifunika rai kabisa, nalo halikuifunika. Mwishoni hubaki moshi mwepesi na ukakasi wa mbao, ambao asiyeuzoea atauona mzito. Matone machache ya maji huupunguza, na kwa kileo cha asilimia 45.6 maji hayo hayaiharibu.

Bei yake inaipita mbali Bulleit ya kawaida, kwa hiyo kuichanganya na soda ni kupoteza fedha. Kwa kazi hiyo ile changa inatosha, tena ukali wake husikika vizuri zaidi. Hii ya miaka 10 inunuliwe na anayekunywa taratibu, hasa jioni za Juni na Julai baridi inaposhuka mjini, pamoja na michopo ya mbuzi iliyotiwa chumvi tu, kwa sababu pilipili kali ya mezani huiua ile ya rai.