Leso za Mtaa wa Biashara kwa mshona mfarishi: nzuri, lakini zina masharti

Anayeshona mfarishi wa vipande hapa Mombasa hana haja ya kuagiza kitambaa ng'ambo. Leso ya pamba inayouzwa Mtaa wa Biashara inaifanya kazi hiyo vizuri, mradi mtu ajue mapema itamsumbua wapi. Itamsumbua kwenye dondo, yaani wanga wa kiwandani unaokipa kitambaa kipya ugumu, na kwenye rangi.

Mtaa wenyewe una maduka ya kila aina, yakiwemo makongwe kama Kaderdina Hajee Essak, lililoanza 1887 na ambalo leso zake wengi wanazijua kwa Mali ya Abdulla. Popote uingiapo, usichague kwa ua wala kwa jina peke yake. Shika pembe uisugue kwa nguvu: ikidondosha unga mweupe, ujue dondo ndiyo iliyoishikilia. Kisha iinue mbele ya mwanga. Kama unamwona muuzaji upande wa pili, iache, maana ikishafuliwa italegea na mishono itachomoka nyuzi. Kwa leso unayoitilia shaka, omba nyuzi mbili tatu za ukingoni ukazichome nje. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka ikaganda kidonge kigumu. Poliesta haishiki mkunjo wa pasi, na bila mkunjo pembe za vipande hazikutani.

Ukifika nyumbani, fua kabla ya kukata. Desturi ya kuloweka leso mpya kwenye chumvi au siki haina faida kubwa: rangi ambayo haikushika kiwandani haitashikishwa na chumvi ya jikoni. Kinachofaa ni maji mengi. Loweka kila rangi peke yake, ubadilishe maji mpaka yatoke safi. Halafu weka kipande cha bafta nyeupe juu ya leso ikiwa bado mbichi, upige pasi. Bafta ikitoka na doa, rudia. Ikiendelea kuchuja, leso hiyo usiipange karibu na nyeupe. Nyekundu na nyeusi ndizo zenye matata zaidi. Marekani ya mgongo, yaani ya upande wa chini wa mfarishi, nayo ifuliwe kwa maji moto, kwa sababu hupungua kuliko leso, na ikipungulia ndani ya mfarishi uliokwisha, mfarishi wote unajikunyata.

Leso ikishatoka dondo huwa tepetepe na kukatika ovyo. Irudishie ugumu kwa wanga mwepesi, ule ule wa kanzu na kofia, uipige pasi ikiwa na unyevunyevu. Kazi ikiisha, wanga uondolewe kwa kufua. Ukibaki kabatini unaita wadudu.

Hesabu sasa. Leso ina takriban sentimita 150 kwa 110. Ukitoa pindo ukabakiwa na mji, ile sehemu ya katikati, wa inchi 43 kwa 27, unapata miraba 40 ya inchi 5, yaani 80 kwa doti ya leso mbili. Kila mraba ukishashonwa unabaki inchi 4 na nusu. Mfarishi wa kitanda cha mtu mmoja, miraba 13 kwa 20, unahitaji miraba 260, kwa hiyo doti nne, na inabaki akiba. Kiolezo usikikate kwenye boksi, kwani kingo huliwa na penseli na mraba wa mwisho hutoka tofauti na wa kwanza; plastiki ngumu inadumu. Juu ya leso nyeusi, chora kwa kipande cha sabuni kilichokaukiana.

Mshono ni robo inchi, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Ukizidisha sehemu moja ya kumi na sita ya inchi tu kila upande, kila mshono unakula moja ya nane zaidi. Safu ya miraba 13 ina mishono 12: umeshapoteza inchi moja na nusu, na safu ya jirani haikubali kulingana. Bandika maskingi tepu kwenye bamba la cherehani, robo inchi kutoka sindanoni, kisha jaribu: shona pamoja vitepe vitatu vya inchi moja na nusu, upige pasi. Cha katikati kikiwa chini ya inchi moja, sogeza tepu karibu na sindano kidogo sana. Pasi ibonyezwe na kuinuliwa. Ukiiburuta inavuta kitambaa. Mishono ya safu moja ilale kulia na ya safu inayofuata kushoto, ili pembe zifungane.

Cherehani ya miguu ya baraza za mafundi inafaa kuliko wengi wanavyodhani, kwani tundu la bamba inamopita sindano ni dogo na halimezi pembe za vipande. Sindano namba 12 kwa kuunga, 14 kwa kudarizi, yaani kushona pamoja matabaka matatu: juu, wadingi na mgongo. Wakati wa kudarizi, legeza kidogo skrubu ya mguu juu. Mguu ukikandamiza sana unasukuma tabaka la juu mbele, na mikunjo utaiona mgongoni baadaye, saa ya kufumua.

Wadingi, kijazo cha ndani, ndio udhaifu wa soko letu. Ule wa mafundi wa makochi ni poliesta nene: joto la Mombasa haliutaki, na pasi kali inauyeyusha. Flaneli iliyofuliwa, au leso kuukuu, inatosha kwa ndani. Mgongo uzidi tabaka la juu kwa inchi 2 kila upande, upige bandi, ile mishono mirefu ya muda, kuanzia katikati kwenda nje. Anayetumia pini za nepi asiziache humo wiki nzima, kwani hewa ya chumvi inazitia kutu na doa lake halitoki kwa urahisi.

Pindo la leso lisitupwe. Linakaa vizuri kama ukingo wa mfarishi, ingawa pembe zake hazitakutana zenyewe. Anza kupanga katikati ya kila upande. Utepe wa kumalizia ukate upana wa inchi 2 na nusu, uukunje katikati, na urefu wake uwe mzunguko wote pamoja na inchi 10 za kuunganishia.