Uzoefu wangu: kulala hemani Svalbard, chini ya Alkhornet

Safari hii nililipia kwa kudunduliza, na ningelipa tena, hasa kwa ajili ya zamu za usiku.

Svalbard ni visiwa vya Norway, nyuzi 78 kaskazini. Mwishoni mwa Julai boti ilitushusha Trygghamna, karibu na mlango wa ghuba ya Isfjorden. Jua halizami huko kuanzia Aprili hadi Agosti. Waongozaji walizungushia mahema uzi uliofungwa fataki. Dubu mweupe akiugusa, zinalipuka. Hata hivyo kila mgeni hushika zamu ya lindo, bastola ya fataki kiunoni na darubini mkononi, huku mwenye bunduki akilala hema la pili. Unakagua ufuko, unapandisha macho mteremkoni, unaanza upya. Mawe meupe yote niliyatazama mara mbili. Dubu hakuja, na wala si wa kumfuata: tangu 2025 sheria inataka ukae mbali naye mita 300, na mita 500 kuanzia Machi hadi Juni.

Lakini lindo ndilo lililonionyesha mengine. Alkhornet ni jabali la ndege wa baharini, maelfu kwa maelfu, kelele usiku kucha. Kinyesi chao kimerutubisha ardhi ya chini, majani yamestawi, na reindia (kulungu wa nchi za baridi) wenye miguu mifupi wanalisha karibu hadi unasikia wakiyang'oa. Msimu huo makinda ya gilemoti, mmoja wa ndege hao, hujirusha kutoka jabalini kabla mabawa hayajakomaa, yakilenga bahari. Mengine huishia nchi kavu, na mbweha wanalijua hilo vizuri. Mmoja, mwenye manyoya ya kahawia ya kiangazi, alipita mbele yangu na kinda mdomoni, akarudi mbio, akapita na jingine.

Lawama: mifuko ya kulalia ya kampuni ilikuwa myepesi mno kwa baridi ile. Nililala na koti na soksi mbilimbili. Chakula ni cha pakiti, unamwagia maji moto; kinashibisha, basi.

Mnaotoka Afrika Mashariki, Svalbard yenyewe haidai viza, ila ndege hupitia Norway bara, iliyo ndani ya Schengen (nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja), na visiwa viko nje yake. Ombeni viza ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo mtakwama kurudi. Na kabla ya kulipa, ulizeni kundi lina watu wangapi: wakiwa wachache, zamu za lindo zinakuwa ndefu, na usingizi unapungua kweli.