Deli la lita 30 la kutunzia dawa za gari: Arusha linafaa sana, Moshi kwa masharti

Kwa anayeng'arisha magari na kutembea na dawa zake, deli gumu la plastiki, lile la kubebea vinywaji, ndicho chombo bora cha kutunzia shampuu, polishi na waksi. Linashinda sanduku la chuma, ambalo likipigwa na jua linageuka oveni. Linashinda pia boksi la plastiki linaloonyesha ndani, kwa kuwa lile linapitisha mwanga na joto vilevile. Lakini deli lina masharti yake, na kuna dawa ambazo hazitakiwi kabisa kuingia humo.

Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani Moshi mwezi wa pili linaweza kupita nyuzi joto 50 ndani, na dashibodi huwa moto zaidi ya hapo. Makopo mengi ya spreyi yameandikwa ubavuni yasizidi nyuzi 50. Kontena la bati lisilo na dari halina nafuu kubwa.

Unapochagua deli dukani, anza na mfuniko. Ugonge kwa kidole: ukilia kama debe tupu, ndani hamna foamu, na joto la juani litapitia hapohapo. Kuta ziwe na unene wa karibu sentimita 3. Mpira wa kuzibia mfuniko uzunguke pande zote bila kukatika. Nenda na futikamba upime kina cha ndani, kwa sababu chupa ya lita moja yenye kichwa cha kupulizia hufika karibu sentimita 30, na ni lazima isimame wima. Ikilazwa, dawa inavujia kichwani na kuharibu springi na vali. Yale madeli meupe ya foamu tupu yaacheni. Thina au petroli ikimwagika humo, foamu inayeyuka na chupa zinatokea chini.

Deli halipoozi kitu, linachelewesha joto tu. Ukiliweka likiwa na moto ndani na kulifunga, utakuwa umeufungia moto huohuo. Ndiyo maana Arusha, iliyo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, linafanya kazi vizuri: usiku kuna ubaridi hata Januari. Lifungue jioni mahali penye hewa na usalama, kisha lifunge saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijachomoza vizuri. Weka ndani chupa mbili za lita moja na nusu zenye maji ya bomba. Maji hupata joto polepole, hivyo yanabeba ule ubaridi wa usiku hadi mchana. Barafu haitakiwi: dawa ya maji ikigusana na barafu inaweza kuganda, na ikiganda imeharibika sawa na iliyopikwa na jua.

Moshi iko chini zaidi, mita 800 hadi 900, na kuanzia Januari hadi Machi usiku wenyewe una joto. Pale deli liwe la mchana tu. Jioni dawa zirudi ndani ya nyumba, kwenye sakafu ya saruji, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni.

Dawa zinazofaidika zaidi ni zile zenye mafuta na maji yaliyochanganywa: polishi ya krimu, waksi ya majimaji, losheni ya viti vya ngozi. Joto likizidi, mchanganyiko unaachana. Tikisa chupa kwa dakika moja, mimina tone moja, lisugue kati ya vidole viwili. Likiwa laini, tumia. Ukisikia chembechembe, mwaga, kwani zitachora rangi ya gari na utalipa kazi mara mbili. Waksi ya kopo ni ngumu zaidi kuharibika. Hata ikilainika na kuganda tena, mara nyingi inafaa. Adui yake ni kifuniko kilicholegea, maana vimumunyisho, yaani vimiminika vinavyoilainisha, vinaruka na waksi inasinyaa, inapasuka na kujitenga na ukingo wa kopo.

Kotingi ya seramiki, dawa ya majimaji inayopakwa juu ya rangi ya gari na kugeuka tabaka gumu la kuilinda, ndiyo inayostahili nafasi nzuri kuliko zote. Inafanywa ngumu na unyevu wa hewa, na joto linaharakisha kazi hiyo. Futa shingo ya chupa kwa kitambaa kikavu kabla ya kufunga, la sivyo vitaota vijiwe vyeupe vitakavyoangukia ndani. Weka chupa kwenye mfuko wa plastiki wa kubana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Ukiitoa ikiwa ya baridi, iache ipate joto la hewa kwanza ndipo uifungue, isije ikavuta umande.

Visivyoingia ndani ya deli: spreyi za kopo, thina, petroli na spiriti ya kufutia mafuta. Mvuke wake ni mzito, unatulia chini ya chombo kilichozibwa, na cheche moja inatosha. Viwekwe kwenye shelfu ya chini penye hewa inayopita, mbali na jiko la mkaa la mama lishe wa jirani. Asidi ya kusafishia rimu na Jik visikae chombo kimoja wala shelfu moja. Vikivuja na kukutana vinatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaua.

Shampuu ya kupimiwa kwa lita iandikwe jina kwa kalamu ya wino usiofutika, hasa ikiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtoto hajui tofauti.

Kwa magari ya safari mambo hubadilika njiani. Ukingo wa Ngorongoro uko karibu mita 2,300, na Juni na Julai usiku baridi inaweza kukaribia kugandisha, kwa hiyo huko deli lifungwe usiku, kinyume cha Arusha. Kupanda huko pia kunapunguza shinikizo la hewa: chupa iliyofungwa Moshi inavimba na kutoa povu kichwani. Kabla ya kufunga, ibonyeze kidogo itoe hewa.

Kasoro ya madeli mengi ni bawaba za plastiki, ambazo jua linazikausha hadi zinakatika. Chagua zinazoshikwa kwa skrubu ili uweze kuzibadilisha. Na deli likishawekewa dawa lisirudi kubeba chakula, kwa sababu plastiki inashika kemikali hata baada ya kuoshwa.