Fizio wanaijua kazi, rampu na choo ndo aibu

Hii klinik ya fizio (mazoezi ya viungo) ya Nyali nawapa nyota 4, hiyo moja nimeibakisha makusudi, ntafika huko.

Mie nilianguka mnazini mwaka jana, kwetu Kwale, napanda kuangua madafu kama navyopanda tangu utotoni, pingili ya 8 ya mgongo wa kati ikavunjika. Nikalazwa miezi mitatu hospitali moja hivi, jina siweki, na kila daktari akipita ni kuambiwa tu "yako ni inkompliti". Mamangu akisikia hivyo anashukuru Mungu, tukajua basi nikipoa ntatembea. Hakuna alokaa chini kutueleza hilo neno lina maana gani.

Sasa hapa Nyali siku ya kwanza dada wa fizio hata mashine hakunigusisha. Kachukua pini na pamba akaanza kunidunga polepole kutoka kifuani akishuka, hii yachoma ama wasikia kama kidole tu? Ilipofika katikati ya chembe cha moyo na kitovu ikabadilika, akapiga mstari kwa kalamu hapo hapo tumboni. Halafu daktari wao, mtu mzima, akavaa glavu akanambia, "Mwanangu, niwie radhi, lazima niangalie na huko nyuma." Wallahi nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe hicho ndo kipimo chenyewe! Ukihisi kidole pale ama ukiweza kubana, basi uti wa mgongo haukukatika wote, ndo hiyo inkompliti, hata kama miguu imelala kama magogo. Pale kwingine miezi yote mitatu hakuna alonipima hivyo.

Wana daraja toka A mpaka E, A ni hakuna kitu pale chini, E ni kipimo chote kimerudi sawa. Nilianza B, yaani nahisi lakini sisongezi chochote. Saa hii niko C, kidole gumba cha mguu wa kushoto chacheza na paja lajikaza, ila kusimama ni mpaka nifungwe magoti nishike vyuma. Nikamuuliza daktari ntatembea lini, akasema nafuu kubwa huja zaidi ule mwaka wa kwanza, kuhusu kutembea hawezi kunidanganya. Ilinikata maini siku ile lakini bora yeye.

Kilichonishangaza ni vile hawahangaiki na miguu peke yake. Nusu ya kikao ni ngozi na mkojo. Nimefunzwa kuinama mbele kifua kigusane na mapaja nihesabu dakika mbili nzima, si kujinyanyua mara moja ukarudi, manake damu haiwahi kupita matakoni na kidonda cha kukalia kikishaingia utakaa kitandani miezi. Nimefunzwa kujipitishia mpira wa mkojo mwenyewe kila saa nne mpaka sita. Tena kuna siku miguu ilikuwa yarukaruka kupita kawaida, mie nikafurahi nikadhani nguvu zarudi, nikaomba tuzidishe mazoezi. Dada akasema, "Kwanza vua viatu, kaka." Ndani ya kiatu cha kulia mlikuwa na kokoto, imeshanichimba kisigino na mie sina habari. Ndo akanieleza miguu ikicheza zaidi tafuta kidonda, ukucha ama mkojo mchafu kabla hujaongeza dawa.

Siku nyingine jamaa mmoja wa pingili ya 4 kichwa kikaanza kumgonga ghafla, uso mwekundu, jasho latiririka. Mie nikadhani ni hili joto letu. Wao wakamkalisha wima chap, wakamlegeza mshipi, wakafuata mpira wake wa mkojo, wakaukuta umejikunja chini ya paja. Ulipokunjuliwa presha ikashuka. Kumbe walovunjika pingili ya 6 ya mgongo wa kati kwenda juu, presha ikiwapanda ghafla hivyo yaweza kuwaua, na mtu aweza kupewa panadol tu akaambiwa alale.

Sasa malalamiko. Rampu, ile njia ya mteremko ya viti vya magurudumu, imesimama kama ngazi, lazima watu wawili wakusukume. Mlango wa choo kiti hakipiti, klinik ya watu wa viti jamani! Nimejipitishia mpira nyuma ya pazia mara ngapi. Mwezi wa tatu AC ilikufa wiki mbili na mie chini ya ule mstari jasho halitoki vizuri, nikawa najiroweka kwa taulo kama samaki wa kuuzwa. Na miadi, waambiwa saa tatu waitwa saa tano, nami natoka Likoni, nimeamka alfajiri nipambane na watu wa feri na tuktuk juu.

Bei ni 2,000 kwa kikao, si rahisi, nimepunguza kutoka mara tatu kwa wiki mpaka mara mbili, siku zilobaki ndugu yangu anifanyisha nyumbani vile walivyomuonyesha, hilo hawakumtoza. Ukienda omba asubuhi, beba chupa ya maji ya kujimwagia, na uje na mtu mwenye kifua wa hiyo rampu.