Uzoefu wangu na Bitcoin ya kununua kwa M-Pesa hapa Dar, na hii habari ya "mabenki yameingia"

Niliingia kwenye Bitcoin, ile sarafu ya kidijitali, Novemba 2021, moja ilikuwa dola elfu sitini na kitu. Shemeji yangu wa Sinza kila tukionana ni blockchain tu, lile daftari la kidijitali la miamala linaloendesha Bitcoin, "shem mabenki makubwa ya Marekani yenyewe yameshaingia, JPMorgan wana koini yao, we unasubiri nini". Nikaweka laki tano, hela ya mchezo wa upatu niliyopokea wiki ileile.

Kununua kwenyewe ni rahisi jamani, hapo nawasifu. Unafungua app unaingia P2P, yaani sehemu ya watu kuuziana wenyewe kwa wenyewe, unachagua muuzaji, unamtumia M-Pesa, koini zinashikiliwa na app mpaka akubali hela imefika, dakika kumi umemaliza.

Kosa langu nilidhani benki ikitumia blockchain basi na Bitcoin yangu inapanda. Nimekuja kuelewa baadae sana. Ile JPM Coin waliyoitangaza 2019 ilianzishwa kuhamisha dola za wateja wao wakubwa, makampuni, ndani ya mfumo wao wenyewe, mimi na wewe hatuwezi kuinunua na haihitaji Bitcoin hata chembe ili ifanye kazi. Na bosi wao Jamie Dimon ndio huyohuyo 2017 alisema Bitcoin ni utapeli! Walichokipenda ni lile daftari la kuandikia miamala, yaani blockchain, sio Bitcoin.

Januari 2023 ada ya mtoto ikafika, bei iko dola elfu kumi na sita na kitu, laki tano yangu imebaki laki na thelathini hivi. Nikauza hivyohivyo, shule haisubiri. Mnunuzi akabonyeza "nimelipa", meseji ikaingia, jina sawa, kiasi sawa, kidole kiko kwenye kitufe cha kuachia koini, ndio naona meseji imetoka namba ya kawaida ya mtu, 07 na kuendelea, sio kwa M-Pesa wenyewe. Nikapiga *150*00# kuangalia salio: shilingi 4,200, ileile ya asubuhi. Mwili ulikufa ganzi. Nikafungua malalamiko kwenye app, wamenijibu baada ya siku mbili, siku mbili nzima koini zimefungwa na mtoto yuko nyumbani, hapo waliniangusha kwa kweli. Na sikujua niende dawati gani, maana Benki Kuu walishatangaza tangu Novemba 2019 kwamba hela halali hapa ni shilingi, sio hizi koini. Sasa tangu Julai 2024 kuna na kodi ya zuio asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali, sawa tulipe, ila naomba sana na sisi wadogo tuwe na pa kulalamikia.

Kilichoipandisha kweli nilikikosa. Januari 2024 Marekani wakaruhusu mifuko ya uwekezaji inayonunua Bitcoin yenyewe, ya makampuni makubwa kina BlackRock, hiyo sasa ndio inagusa bei moja kwa moja, na Desemba mwaka huohuo ikavuka dola laki moja. Iliniuma.

Nimerudi, ila naweka elfu ishirini kila mwezi, ada iko akaunti yake benki na haiguswi. Koini nimezitoa kwenye app nimeweka kwenye wallet yangu mwenyewe, yaani pochi ya kidijitali, yale maneno 12 ya siri ya kuifungulia nimeyaandika kwa kalamu, sijapiga picha. Na shemeji akinitumia habari ya benki siku hizi namuuliza kitu kimoja tu: wananunua koini au wanatengeneza mfumo wao? Mara nyingi anakaa kimya anaenda kusoma tena.