Kima punju wa Jozani nimewapenda, ila kampuni iliyotupeleka hapana kwa kweli

Jamani naandika bado nina hasira, na zimeshapita kama wiki tatu au zaidi kidogo, kwahiyo mtanivumilia nikirukaruka. Bei, saa za kufungua, umbali kutoka mjini, hayo yote utayapata kwenye simu yako. Mimi nina shida na ndizi. Ndizi moja tu.

Nilimpeleka mama yangu Zanzibar, kwenye msitu wa hifadhi wa Jozani. Mama ni mtu wa Kigoma, kakua anasikia habari za sokwe wa Gombe, na siku nyingi alitamani kuwaona hawa kima punju, wale kima wekundu, maana hawapatikani popote duniani isipokuwa visiwa vya Zanzibar. Nikachukua safari kwa kampuni moja ya pale mjini, jina siliweki, tukachanganywa gari moja na wageni wanne kutoka nje, sawa, hilo halikuwa tatizo.

Kima wenyewe sasa! Sijawahi kuona kitu kama kile. Unaingia tu unawakuta, hawakimbii, wako bize na mambo yao. Uso mweusi, nywele nyeupe zimewasimama pembeni kama mzee ndo kwanza kaamka, mdomo na pua pinki utadhani wamepaka lipustiki. Jike mmoja kalala chali kwenye tawi, mwenzie anamchambua nywele, anapanua mstari kwa mstari kama msusi, akipata kitu anakitazama kwanza halafu anakitia mdomoni, na yule anayechambuliwa akiona mkono umesimama anageuza shingo anamwinamishia kichwa upande wa pili, yaani bado huku. Mama akanifinya, "Si wewe na dada yako hao, barazani." Na dume moja lina tumbo hilo, limekaa miguu mbele, mikono juu ya tumbo, macho yanafumba yanafumbuka, mzee kabisa wa baada ya pilau ya Idi.

Muongozaji wa hifadhi, mzee mmoja wa Kizanzibari mpole sana, akatuambia lile tumbo si ulafi, lina vyumba vinne na majani yanachachia mle ndani, ndo maana akishakula lazima apumzike, na ndo maana matunda matamu yaliyoiva hayamfai, yanamchachia vibaya. Shikeni hilo la matunda matamu.

Kulikuwa na kitoto kimoja, sijui nikielezeeje. Kazi yake kuvuta mikia ya wakubwa na kukimbia. Mama yake anatafuna majani, hata hakiangalii, ila kila kikifika mwisho wa tawi mkono unatoka unakishika mguu unakirudisha, kama mama anayekata mboga huku mkono mwingine umeshika gauni la mtoto asifike jikoni.

Sasa huyu kijana wa kampuni, tafadhali msimchanganye na mzee wa hifadhi, nasema huyu tuliyekuja naye kwenye gari, akasubiri mzee asogee mbele na watu wengine, akatoa ndizi kwenye begi. Na wakati wa kuingia tumeambiwa wote, usilishe, usishike, kaa mbali, kama una mafua usiingie. Akawaambia wageni wawili wachuchumae na simu zao, akaanza kukiita kile kitoto kwa ulimi kama anaita paka. Kitoto kikaja, kitoto si kitoto tu. Kilipofika akakikamata mkia ili kitulie wapate selfi.

Kililia. Yaani kililia kama mtoto, na ile sauti mpaka leo naisikia. Mama yake akashuka kutoka juu kama jiwe, akasimama hatua mbili kutoka kwetu, mdomo wazi, anatetemeka, hajui akimbie au apigane. Na mama yangu naye akapaza sauti, "Baba, mwachie mtoto wa mwenzio!" Yule kijana hata hakugeuka, akasema, "We bibi hebu tulia, wenzio wamelipa dola hapa, nyie mmelipa ya wenyeji."

Mama yangu ana miaka 67, kastaafu unesi, hajawahi kumtukana mtu. We bibi! Mbele ya watu! Na mimi nilivyo mdomo wangu ulikauka, nikabaki natetemeka kama yule kima pale chini.

Alikiachia baada ya yule mama kima kumrukia begi. Kitoto kikajichimbia tumboni kwa mama yake na yule kima akakifunika kichwa kwa mkono, nikauona ule mkono vizuri kabisa, vidole vinne virefu na gumba hakuna, akakipapasa mara mbili tatu, halafu akatugeukia akatutazama wote mmoja mmoja. Mama yangu akaanza kulia palepale. Wale wageni nao waliona aibu, mmoja alikuja kumshika mama mkono, kwahiyo wao siwalaumu sana, wangejuaje kama aliyepewa kazi ya kuwaongoza ndo anawaongoza hivyo.

Mama akaniambia Kigoma walishayaona haya. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alipofika Gombe mwaka 1960 sokwe walikuwa wanamkimbia, baadaye ndizi zikatumika kuwazoesha, matokeo yake ugomvi, sokwe na nyani wanapigania ndizi, ikabidi zipunguzwe. Na mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza ukaingia kwa sokwe, polio, wengine wakafa wengine wakabaki wanaburuta viungo. Nesi yule anaongea, anasema kiumbe anayefanana na wewe mpaka namna ya kubeba mtoto ataugua unachougua wewe. Na mmoja wa wale wageni alikuwa anakohoa tangu tunatoka mjini! Kijana alimsikia, sote tulimsikia, akamwingiza.

Mzee wa hifadhi aliporudi tukamweleza. Akamkemea yule kijana mbele yetu, halafu akaja kwa mama, "Tuwie radhi sana mama, nifuateni mimi." Akatupeleka upande mwingine, taratibu, mama kamshika mkono, na huko ndo tukaona kitu ambacho kama ningesusa ningekikosa. Kima kakaa na kipande cha mkaa. Mkaa huu wa kupikia! Anautafuna kru kru, ile midomo ya pinki imekuwa myeusi. Mzee anasema majani ya mwembe na ya mti wa mkungu yana sumusumu, mkaa unaizuia tumboni, kwahiyo wanauokota kwenye visiki vilivyoungua na kwenye matanuri ya watu. Mama akacheka kwa mara ya kwanza toka lile tukio, akasema mimba yangu ilimlisha udongo mpaka bibi yangu akawa anamfichia, "kumbe nina wenzangu huku."

Kwahiyo nyota ngapi? Nilipanga kutoa tatu, maana gari lilikuwa zuri na dereva wao ni mstaarabu, alipunguza kwenye kila tuta la pale barabarani, na yale matuta yamewekwa kwa ajili ya kima hao hao, walikuwa wanagongwa sana. Halafu nikaandika ofisini kwao kulalamika, nikajibiwa "pole dada tutalifanyia kazi", nikauliza mtamwomba mama yangu msamaha lini, tiki mbili za bluu, kimya mpaka leo. Basi mbili. Hapana, nikiikumbuka ile "we bibi" naweka moja, na hiyo moja ni ya dereva, yeye peke yake. Hifadhi yenyewe na yule mzee nawapa tano zote na ningekuwa na ya sita ningewapa.

Mama anataka kurudi Desemba kumwona kile kitoto kimekuaje. Nimeshamwambia safari hii tunapanda daladala za Makunduchi, zinapita palepale njia ya kuingilia, tunamuulizia mzee wetu.