Picha za sura Mkomani, Lamu: nendeni asubuhi

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nitaeleza ilikokwenda.

Maonyesho yamo katika nyumba ya kale ya mawe, mtaa wa Mkomani, ukiuacha Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, na kupanda vichochoro. Ni kazi za maisha mazima ya mchoraji mmoja wa sura za watu. Kiingilio hakuna, kuna kisanduku mlangoni, utie utakacho. Ngazi za ghorofani ni nyembamba na zina giza, kwa hiyo mwenye magoti mabovu atosheke na za chini.

Picha za ujanani, za mkaa na rangi za maji, zimetundikwa kwenye msana, ukumbi unaotazama kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba. Hizo utaziona vizuri. Za rangi za mafuta wameziingiza vyumba vya ndani, wakaziwashia taa kali. Nyumba hizi mwanga wake hushukia kiwandani, ndani ni kivuli tangu zilipojengwa, na rangi ya mafuta hung'aa. Ukisimama mbele ya picha waiona taa, mtu humwoni. Nilikwenda jioni nikatoka nimeudhika. Kesho yake nikarudi saa nne asubuhi, nikajibanza pembeni karibu na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ndipo nikaona.

Mzee huyu hakupaka ngozi nyeusi kwa rangi nyeusi. Kuna picha ya mwanamume wa makamo: shavuni buluu, kwenye paji wekundu wa tofali, chini ya kidevu ukijani. Rudi nyuma hatua tatu, yote yamegeuka ngozi. Ameichora juu ya kipande cha tanga kuukuu la jahazi, na mshono wa tanga umekatiza uso toka sikioni hadi mdomoni. Angeweza kuuficha, mimi kwanza nilidhani ni kovu. Kwenye nyusi kuna vidoa vyeupe, nikasema moyoni: chumvi ya bahari hiyo. Kibao nacho kilisema ni nahodha.

Vibao ndivyo vilivyokula nyota yangu. Vyote ni vya Kiingereza, Lamu hii, na ukivifasiri vinasema: mvuvi, mwanamke mzee, mtoto wa chuoni. Jina la mchoraji limerudiwa kila ukuta, la aliyechorwa hamna.

Mama mmoja aliyevaa buibui alisimama mbele ya “mwanamke mzee” na mjukuu wake.

“Huyu ndiye mamangu mimi,” akamwambia mtoto. “Yatazame mato yake.”

Nikamuuliza kama na nahodha anamjua. Akacheka.

“Nahodha wapi, mwanangu? Huyo hata mashua ikimtapisha. Alikuwa fundi, akipaka nyumba za watu chokaa.”

Nikarudi kwenye picha, nikazitazama zile nyusi upya.